Kaa Kidogo, Fundi

"Na hapa, mama, ndipo ninapopumzika nikitoka kazini."

Binti aliyesema maneno hayo alikuwa amejitandaza kwenye kochi la kijivu, simu ameinyoosha juu ili uso wake, mito ya rangi ya chungwa na taa ndefu ya pembeni vyote vitokee vizuri. Alikuwa amependeza, usiseme: gauni la njano lenye mshipi mwembamba, kilemba cha kufanana nalo, na viatu virefu ambavyo alikwisha kuvivua akavisukumia chini ya meza. Nyuma yake kulikuwa na rafu ya vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa maboksi matupu, lakini kwenye simu nani atajua?

Kochi halikuwa lake. Wala rafu, wala taa. Alikuwa katikati ya duka kubwa la samani, Jumamosi mchana, watoto wanaruka juu ya magodoro na wanandoa wanagombana mbele ya makabati. Alikuwa amechagua kisebule cha maonyesho kilichojificha kidogo, akasubiri familia moja iondoke, akakaa, akapiga simu kwao. Usimcheke. Mtu anayelala kitanda cha juu katika chumba cha wanawake wanne atamwonyesha mama yake nini? Dari?

"Pazuri, mwanangu," mama alisema, uso wake umejaa kioo kizima cha simu. "Na hilo dirisha linatazama wapi?"

"Bustanini, mama."

Dirisha lilikuwa picha iliyobandikwa ukutani.

Hapo ndipo toroli lilipofika. Lilisukumwa na kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, penseli sikioni, bisibisi mfukoni. Lile kochi lilikuwa limeshauzwa na mnunuzi alikuwa analisubiri mlangoni. Kijana alifungua mdomo aseme yale maneno matamu ya dukani, kwa lugha ya pale ugenini, ya kumwomba mteja anyanyuke. Akasikia Kiswahili. Maneno yakamkauka mdomoni.

"Nani huyo nyuma yako?" mama akauliza.

Binti aligeuka. Macho yakagongana. Jasho likamtoka hapo hapo, na kiyoyozi kilivyokuwa kinapuliza.

"Ni... ni fundi, mama. Amekuja kuangalia kochi."

Kijana hakupepesa. Aliinama mbele ya simu kwa adabu zote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe na wewe wa kwetu! Kochi lina nini?"

"Mguu, mama. Nje huoni, ila ndani umelegea. Itabidi niondoke nalo."

"Haya. Lakini usimlangue mwanangu, yuko peke yake huko."

"Siwezi, mama. Huyu ni mwenye nyumba, nitamheshimu."

Simu ilipokatika walitazamana, kisha wakaangua kicheko mpaka mteja mmoja akasogeza mtoto wake mbali. Kijana alifuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Sasa, Mwenye Nyumba, inuka nibebe kochi lako."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Nipe namba. Kochi likipona nitakupigia."

Basi ndivyo majina yalivyozaliwa. Tangu siku ile yeye alikuwa Mwenye Nyumba na kijana alikuwa Fundi, na hata mama huko nyumbani, kila alipopigiwa kutoka kwenye kochi jingine la dukani, akawa anauliza, "Fundi hajambo?"

*

Simu hazikukauka.

"Haloo, Mwenye Nyumba?"

"Kochi langu liko wapi, mwizi wewe?"

"Limelazwa. Daktari anasema linakukumbuka."

"Liambie na mimi nimelikumbuka. Kochi, lakini. Si fundi."

"Fundi amesikia, na ameumia."

"Pole, laazizi wangu. Nitampaka dawa Jumapili."

Mwenye Nyumba alikuwa anakunja shuka. Hiyo ndiyo kazi yake, chini kabisa ya hoteli moja kubwa, kwenye chumba cha kufulia kisichoona jua. Shuka hutoka kwenye mashine ya pasi zikiwa moto, na hazikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe huku na huku, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena, kutwa nzima. Mwenzake wa shuka alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno, wote humo walimwita Dada Mkubwa, na alilala kitanda cha chini yake. Kila asubuhi kabla ya kuanza walipangwa mstari wakaririshwa sentensi moja kwa lugha ya pale, ya kumwambia mgeni yeyote atakayelalamika. *Samahani sana, kosa ni langu, nitarekebisha sasa hivi.* Kichwa chini, tabasamu juu. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, ya puani, si yake hata kidogo. Kwao alikuwa binti wa kelele, wa kugombana na wauzaji sokoni mpaka wakampunguzia kwa uchovu.

Fundi naye kwao walimwita Meneja. Aliwahi kupiga picha kwenye meza ya ofisi ya maonyesho, kompyuta ya plastiki mbele yake, na picha ile ikazunguka ukoo mzima. Siku alipomsimulia Mwenye Nyumba, binti alicheka hadi akashika ubavu.

"Kwa hiyo Meneja amekutana na Mwenye Nyumba."

"Tajiri kwa tajiri, mpenzi. Watoto wetu watazaliwa na pesa."

Walipendana kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine zote. Kila mmoja alijua uongo wa mwenzake na hakumlaumu. Lakini kuna mambo ambayo ugenini kunamfundisha mtu bila yeye kujua kwamba amefundishwa, na hayo ndiyo yaliyotaka kuwaponza.

*

Fundi hakai.

Mara ya kwanza Mwenye Nyumba hakutilia maanani. Walikwenda mgahawani, binti akavuta kiti, Fundi akanywa chai yake akiwa ameegemea kaunta. Bustanini yeye alikaa kwenye benchi, Fundi akazunguka benchi. Kituo cha basi, hivyo hivyo. Jumapili wenzake wa chumbani walipotoka, alimkaribisha kwake. Aliazima kiti kwa majirani, akakitandika kitambaa kisafi, akapika, akajipaka wanja, akavaa blauzi nyekundu aliyoitunza kwa siku ya maana.

"Karibu ukae, mpenzi."

"Ahsante, nipo sawa."

"Kaa basi ule."

"Nakula, kipenzi, si unaniona?" Na kweli alikula, chakula chote akakimaliza na sahani ya pili akaomba, lakini amesimama mlangoni, mgongo umeshika fremu, mguu mmoja nje mguu mmoja ndani.

Kiti kile kiliwakodolea macho mpaka jioni.

"Mimi nakwambia ana mke," Dada Mkubwa alisema kesho yake, wakivuta shuka. "Vuta. Mwanamume asiyekaa ana mahali anapowahi."

"Hana mke, dada. Simu yake naishika mimi."

"Basi chumba chako kinamnukia. Kunja. Au amekuonja tu, anapita. Umeshamwambia habari ya mkataba?"

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na hoteli ilitaka jibu Ijumaa: anaongeza miaka miwili au anarudi nyumbani. Miaka miwili mingine ya shuka, au kurudi kwa mama na sebule ya kwenye simu. Akilini mwake alikuwa ameshaamua jambo moja. Fundi akimwambia neno la kueleweka, hataweka sahihi. Asipomwambia, ataweka. Lakini neno la kueleweka utalitoa wapi kwa mtu ambaye hata makalio hajayaweka chini?

Jumapili iliyofuata kiti kiliazimwa tena. Fundi akafika amechelewa, anahema.

"Nimechelewa, mpenzi, basi li..."

"Samahani," binti akasema.

"Wewe unaomba samahani ya nini? Si mimi niliyechelewa?"

"Basi. Karibu ukae."

"Nipo sawa."

Akajikaza. "Fundi, mkataba wangu unaisha. Wanataka jibu Ijumaa."

Fundi alianza kutembea. Chumba kilikuwa hatua chache tu, akawa anagusa dirisha, anarudi, anagusa mlango. Ndani ya kifua chake kulikuwa na maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima, lakini kwanza alitaka kusikia moyo wa mwenzake. "Wewe unataka nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Nakuuliza wewe, Mwenye Nyumba."

"Utakachosema ni sawa tu."

"Nikisema ongeza?"

"Sawa."

"Nikisema rudi?"

"Sawa."

"Nikisema ruka dirishani?" Sauti ilikuwa imempanda. "Kila kitu sawa! Nikuchelewee, samahani. Nikukanyage, samahani. Nigombeze basi! Nitukane! Nijue unanipenda au unanihudumia!"

Binti alitaka kusema: kaa kwanza. Kaa kwenye hiki kiti nilichokuazimia, nijue hutakimbia, halafu nitakutukana mpaka uchoke. Alifungua mdomo. Kikatoka kile kilichozoea kutoka mtu akimfokea, kichwa chini, tabasamu juu, kwa lugha ya kazini na sauti ya puani:

"Samahani sana, kosa ni langu, nitarekebisha sasa hivi."

Fundi alimtazama kana kwamba amefungua mlango akamkuta mtu mwingine ndani. Kisha akaondoka, na kwa kuwa hakuwa amekaa hakuhitaji hata kuinuka. Mwenye Nyumba alikaa kwenye kile kiti mwenyewe akalia.

*

Jumatatu simu haikulia. Jumanne ikalia, binti akaitazama mpaka ikanyamaza. Jumatano akapiga yeye, na Fundi alikuwa ndani ya lori amebeba kabati, hakusikia. Ndivyo wapendanao wanavyopishana, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake amenuna.

"Fundi hajambo?" mama aliuliza.

"Alimaliza kazi, mama."

"Kazi gani inakwisha haraka hivyo? Na mbona leo uko gizani, uko wapi?"

"Taa imeungua," alisema, akiwa amejifunika blanketi kwenye kitanda cha juu.

Kazini hakutulia. Pembe za shuka zilimponyoka, Dada Mkubwa akawa anazifuata sakafuni akisonya. Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko na hakupumzika. Alifua nguo safi. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Alivaa gauni la njano, akalivua, akalivaa, na mwishowe miguu ikampeleka dukani. Alikwenda kumwambia maneno yake, basi. Ya kumwaga moyo na kuondoka, na kesho aweke sahihi.

Alimwona kabla hajaonwa.

Ilikuwa saa ya chakula. Fundi na wenzake wawili walikuwa ukumbi wa makochi, kila mmoja na mkate mkononi, wanakula wamesimama. Pembeni yao makochi yamejipanga, ya ngozi, ya kitambaa, ya kulala, ya kuzunguka, yote matupu. Mmoja wa wale wenzake, kwa uchovu, akajishikiza kidogo tu kwenye mkono wa kochi. Sauti ikapasuka kutoka mbali:

"Wewe! Kukaa ni kwa wateja!"

Alikuwa msimamizi, bwana mmoja mwenye tai fupi. Yule kijana akaruka kama aliyekalia moto. Na Fundi, ambaye hakuwa ameguswa na neno lile hata kidogo, naye akanyoosha mgongo, akabana visigino. Mwili ulitii wenyewe.

Mwenye Nyumba alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Penye miti hapana wajenzi! Kumbe ndiyo hayo! Si mke, si harufu ya chumba, si kupita. Miaka yote ile mtu huyu amekatazwa kukaa, hadi kukaa kwenyewe kumemtoka mwilini, na yeye mwenyewe hajui. Alimhurumia mpaka akakasirika. Akajikasirikia na yeye pia, maana alikuwa na ugonjwa wake, na Fundi alimwambia waziwazi. Mazoea yana taabu.

Akaenda moja kwa moja hadi kochi la watu wawili, la kijani, akakaa, akapandisha mguu juu ya mguu, akaita kwa lugha ya pale, kwa sauti ya mwenye pesa:

"Nina malalamiko!"

Fundi aligeuka na mkate mdomoni. Hakumwona vizuri, aliona mteja. Akaja mbio, kichwa chini, tabasamu juu. "Samahani sana, kosa ni langu, nitare..."

Akamtambua. Sentensi ikamfia.

"Malizia," Mwenye Nyumba akamwambia kwa Kiswahili. "Utarekebisha sasa hivi. Kumbe na wewe walikuimbisha."

"Mwenye Nyumba..."

"Kaa, Fundi."

"Siruhusiwi. Bosi yule pale."

"Na kwangu nani alikukataza? Nilikuazimia kiti mara mbili!"

"Kiti gani?"

Wallahi, hakujua. Alikuwa anajaribu kukumbuka kiti, na uso wake ulivyoanza kubadilika ndivyo binti alivyoona kwamba amekiona sasa, kiti na kitambaa chake kisafi. "Mungu wangu," Fundi akasema taratibu. "Sijawahi kukaa kwako."

"Hujawahi. Nikadhani una mke."

Msimamizi alikuwa ameshafika. "Dada, tukusaidie nini?"

Zamani kidogo tu, yaani juzi, Mwenye Nyumba angesimama akaomba samahani. Akili ilishampa sentensi, ulimi ukaikataa. "Nataka kochi la watu wawili," alisema. "Nijue linatosha. Mwambie huyu akae."

Msimamizi akatazama kochi, akatazama ovaroli, akatazama gauni la njano. Mteja ni mfalme, si yeye aliyewafundisha? "Kaa," akamwambia Fundi kwa uchungu, akasogea pembeni.

Fundi akakaa. Alikaa ukingoni, magoti yamebanana, kama aliyekalia mayai.

"Egemea."

Akaegemea. Kochi likamchukua polepole, na miguu yake ikaanza kutetemeka yenyewe. Mtu mzima, ovaroli na bisibisi, machozi yakamtiririka katikati ya duka.

"Jumapili nilikuja kukuoa," alisema. "Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Usiweke sahihi hiyo kesho. Turudi nyumbani mwezi ujao, tuoane, yaishe."

"Hapana."

Fundi akageuka haraka. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana!" Na ilikuwa sauti yake, ile ya sokoni, mteja wa makabati akageuza shingo. "Mwezi ujao twende tukafanye nini, kukimbizana? Kwetu wanamsubiri mwenye nyumba, kwenu wanamsubiri meneja. Watashuka akina nani kwenye ndege? Mimi sijakijua hata kikohozi chako cha asubuhi. Hata kukaa hujui! Naongeza mwaka mmoja, si miwili, wakikataa shauri yao. Na kila Jumapili unakuja, unakaa. Ukisimama nakufungia nje."

Fundi alikuwa anatabasamu na machozi hayajakauka. Hakuna wimbo uliowahi kumpendeza kama lile hapana. "Na ndoa?"

"Mwezi ujao ndio nimeukataa. Ndoa nani kakwambia nimeikataa, mpumbavu wangu?"

"Nitukane tena."

"Toa simu. Tumpigie mama, tumwambie ukweli."

Mama akatokea, uso umejaa kioo. Shikamoo zikapita. Mwenye Nyumba akavuta pumzi, akasema yote kwa mkupuo: kwamba hapa ni dukani, sebule si yake, anakunja shuka na analala kitanda cha juu, na fundi hakuwa fundi ila ni mwanamume anayetaka kumwoa. Kisha akafumba macho.

"Ulidhani sijui?" mama akasema. "Mwanangu, taa gani ya nyumbani ina karatasi ya bei? Inaning'inia hapo tangu siku ya kwanza. Leo kochi la kijivu, wiki ijayo la kahawia. Nikasema, ama mwanangu anauza makochi ama ana wazimu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unapendeza ukikaa hapo. Nikaona acha apumzike, hata kama kochi ni la watu. Na goti langu nililokwambia limepona, limepona wapi?"

Wakacheka, wakalia, wote watatu. Msimamizi uvumilivu ukamwisha. Akaja akasimama nyuma yao, mikono mgongoni, tai fupi. Magoti ya Fundi yakaanza kuinuka yenyewe. Mwenye Nyumba akaweka kiganja juu ya paja lake, hakukandamiza, alikiweka tu, na Fundi akabaki alipo.

"Na huyo nyuma yenu ni nani?" mama akauliza.

"Ni bosi wangu, mama," Fundi akajibu, ameketi.

"Sasa mgeni mmemwacha amesimama na nyinyi mmekaa? Ndivyo mlivyofundishwa huko? Mkaribisheni akae!"